Mikono Mia Tatu na Kumi na Miwili

Mimi ndiye niliyepiga picha zote.
Weka kiganja hapa, mama. Tandaza vidole. Usipumue.
Kwa picha ya mkono pumzi haidhuru kitu,
lakini Daktari Uxía Lourido alitaka niseme hivyo:
mtu akizuia pumzi, alisema, anajua anachukuliwa kwa uzito.

Walikuja Jumanne kwa basi la alfajiri
kutoka pwani ya Galicia iliyopewa jina la Kifo,
ambako wanawake hawafi ng'o kabla ya miaka tisini.
Wafuma lesi. Kila mmoja na mto wake kwapani,
pini mia, uzi, na vijiti vya mbao
vilivyogongana kwenye benchi la kusubiri
kama meno ya mtu mwenye homa.

Baridi yabisi. Baridi tunayo, tena ya kugawia majirani;
yabisi ndiyo hatujaiona tangu tuzaliwe.
Mvua hunyesha mpaka kuta za hospitali zinaota kuvu.
Na bado, ndani ya kifundo, gegedu hulika,
mfupa ukakutana na mfupa
kama mawifi wawili katika jiko moja.

Mtuhumiwa alimjua tangu utotoni.
Kabla ya kwenda shule alimfunga mama yake vifungo vya blauzi,
vitano, kutoka juu kwenda chini,
kwa kuwa dole gumba la Hermelinda lilikwisha kukataa amri.
"Ni lesi," aliniambia. "Nitathibitisha kabla sijaota mvi."
Kule Madrid wakamwambia, kwa adabu zao,
kwamba mfupa uliomshinda fisi haupewi mbwa wa kijijini.
Akaomba pesa kwingine. Akapewa nusu.

Miaka kumi na moja.
Wafuma lesi sabini na wanane; na kwa kulinganisha,
sabini na wanane wa kiwanda cha dagaa, wasiojua hata kushika kijiti.
Alipima nafasi ya kila kiungo kwa rula ya kioo,
nusu milimita, robo,
jicho moja limefumbwa, kahawa imepoa,
ndoa nayo ikipoa pembeni. Hilo sikuuliza.

Tofauti haikuwapo.
Si dole gumba, si cha shahada,
si kulia, si kushoto.
Akadai nimechanganya majina kwenye filamu.
Nikazihakiki zote, usiku mbili. Sikuchanganya.
Kijana mmoja wa takwimu akamnong'oneza:
waondoe wazee sita wa kiwandani, mstari utainama wenyewe.
Akamtazama kama mtu aliyetemea mate sahani ya wageni.

Aliandika kurasa nne. Jarida dogo likazichapa,
nyuma kabisa, karibu na matangazo ya mikongojo.

Tulikwenda pamoja kwa mama yake. Mimi niliendesha.
Hermelinda alisikiliza mpaka mwisho, mto magotini,
kisha akacheka hadi pini zikamwagika.
"Miaka kumi na moja unaisingizia lesi yangu!
Basi ni nini?"
"Sijui, mama."
"Sijui," alirudia yule mzee, polepole,
kama anayeonja mchuzi wa jirani. "Na umeisomea."
Akamnyooshea mkono wa blauzi uliofunguka.
Kifungo kimoja. Daktari alikihangaikia muda mrefu,
macho yake hayaoni vizuri.

Picha ya mama ndiyo namba moja; ninayo mpaka leo.
Pete ya ndoa haikuvuka kifundo, tukaiacha:
kwenye filamu inang'aa kuliko mifupa yote.

Jumanne iliyofuata Uxía alikuja na fomu mpya.
Swali la kwanza: bibi yako aliumwa wapi?
Basi lilichelewa siku hiyo, barabara imejaa maji.
Tukangoja.